Kuongeza Nguvu ya Subaru Impreza WRX ya Zamani kwa Bajeti Ndogo: Mwongozo Kamili kwa Mazingira ya Uganda

Makosa yanayoua Impreza WRX hapa Uganda yanafanana mno. Mwenye gari huanza na sauti: sailensa kubwa, chujio la hewa lililo wazi, na valvu inayopiga mluzi kila anapobadilisha gia. Baadaye humwomba fundi apandishe presha ya turbo. Gari hukimbia vizuri kwa majuma machache, kisha pistoni moja, mara nyingi ya silinda za nyuma, huvunjika kingo zinazoshika ringi, na injini iliyobaki huishia kuuzwa vipande vipande Kisekka, soko la vipuri vya magari la Kampala.

Sababu si turbo yenyewe. Sababu ni kwamba hatua ya mwisho ilifanywa kwanza. Mwongozo huu unapanga kazi hiyo hiyo kwa utaratibu unaoiacha injini hai, nao unahusu WRX ya umbo la GD yenye injini ya EJ205 ya lita 2, iliyotengenezwa kwa soko la Japani kati ya 2000 na 2005 ikiwa na nguvu farasi 250 kiwandani. Mwenye GC8, yaani umbo lililotangulia GD, anaweza kuufuata pia, isipokuwa hatua ya kompyuta, ambayo kwake itakuwa ya gharama zaidi.

Lengo letu ni nguvu farasi 20 hadi 40 za ziada, bila kufungua injini na bila kubadilisha turbo. Anayetaka zaidi ya hapo ahesabu pistoni mpya, turbo mpya na giaboksi nyingine; hiyo si bajeti ndogo tena.

## Fahamu kwanza hewa ya hapa

Kampala ipo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, presha ya hewa ni takriban bar 0.88, ilhali pwani ni bar 1.01. Geji ya turbo husoma presha iliyoongezwa juu ya hewa ya nje, kwa hiyo bar 1.0 kwenye geji hapa ina maana ya jumla ya bar 1.88 ndani ya injini, na ili kuifikia, turbo inalazimika kuikandamiza hewa zaidi ya mara mbili.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, turbo ndogo ya kiwandani huzunguka kwa kasi kubwa zaidi hapa kuliko ingezunguka Mombasa, na hewa inayoitoa huwa ya moto zaidi. Pili, namba ambazo watu huzitoa kwenye video za Uingereza au Marekani haziwezi kunakiliwa zilivyo. Mtu akikuambia kwamba gari lake linabeba bar 1.2 bila shida, muulize kwanza analiendeshea wapi na kwa petroli gani, kwa sababu WRX za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya huko yenye oktani ya juu, yaani isiyolipuka mapema kwa urahisi chini ya presha.

## Vifaa na vipuri vinavyohitajika

Vya kupimia:

- Geji ya kompresheni yenye mpira au mkono wa kufungia, kwa kuwa plagi za injini hii zimelala ubavuni na geji ya kushikilia kwa mkono haitakaa sawa.
- Geji ya presha ya turbo na sensa ya oksijeni ya wigo mpana yenye geji yake. Sensa ya mbele ya kiwandani haisomi vizuri pale mchanganyiko unapokuwa na petroli nyingi, na hapo ndipo tunapohitaji kusoma.
- Kebo ya Tactrix Openport 2.0 na kompyuta ya mkononi yenye programu za EcuFlash na RomRaider, ambazo hupatikana bila malipo.
- Spana ya torki.

Vya kubadilisha:

- Mkanda wa taimingi pamoja na roli zake na kikazio chake, pampu ya maji na themostati halisi.
- Plagi nne, oili, chujio la oili, kulanti, na mafuta ya breki ya DOT 4.
- Pampu ya petroli ya lita 255 kwa saa.
- Bomba la moshi la kutoka turbo kwenda nyuma, lenye upana wa inchi 3, na gasketi mpya za kila kiungo.
- Pedi za breki zilizo bora kuliko za kawaida.

Kuhusu fedha, ninashauri nusu ya bajeti yote iishie kwenye hatua ya 1 hadi ya 3, ambazo haziongezi hata nguvu farasi moja. Asiyeweza kulikubali hilo asianze.

### Kununua Kisekka bila kuumia

Soko la Kisekka lina karibu kila kitu cha Subaru, kizuri na kibovu kikiwa kwenye meza moja. Turbo ya akiba ikaguliwe hivi: shika shafti kwa vidole, iyumbishe kushoto na kulia, kisha ivute na kuisukuma. Kuyumba kidogo sana pembeni ni kawaida turbo inapokuwa kavu, lakini ikiingia na kutoka, hata kwa kiasi unachokihisi kwa shida, beringi zimekwisha. Tazama pia ncha za mapanga kwa tochi. Panga lililomenyeka lilikula kitu, na kipande chake kilikwenda mahali fulani.

Plagi na pampu za petroli ndizo zinazoghushiwa zaidi. Pampu ya Walbro ya bandia hufanana na halisi mpaka maandishi, kisha hushindwa kutoa petroli ya kutosha pale presha inapopanda, yaani wakati mbaya kuliko wote. Kwa vitu hivyo viwili, nunua kwa muuzaji anayetoa risiti na anayekubali kurudishiwa mali, hata kama bei yake ni ya juu. Vipuri vya bodi, betri na taa unaweza kubahatisha, hivi hapana.

## Hatua ya 1: Pima injini kabla ya kuigusa

Pasha injini joto, izime, na uiache ipungue joto kiasi cha kuweza kufanya kazi, kwa sababu vichwa vya injini ni vya alumini na meno ya plagi hukwanguka yakifunguliwa yakiwa moto sana. Ondoa boksi la chujio la hewa upande mmoja na betri upande wa pili ili upate nafasi. Toa plagi zote nne, ukate umeme wa pampu ya petroli na wa koili, uunganishe tena betri kwa waya za kuazimia umeme, kisha mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho huku akizungusha stata mpaka sindano ya geji isimame.

Andika namba ya kila silinda. Kwa mwinuko wa Kampala, geji itasoma pungufu ya vitabu vya kiwandani kwa karibu asilimia 12, kwa hiyo usiogope namba iliyo chini kidogo. Kinachoamua ni tofauti: silinda dhaifu ikipungukiwa kwa zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na iliyo bora, kazi isimame hapo.

Mafundi wengi humwaga oili kidogo ndani ya silinda ili kubaini kama tatizo ni ringi au valvu. Mbinu hiyo ni nzuri kwa injini zilizosimama. Kwenye injini ya Subaru pistoni zimelala, oili hutuama upande wa chini tu, na jibu hupotosha. Tumia kipimo cha uvujaji kinachojaza upepo ndani ya silinda, usikilize unapotokea: kwenye ekzosi, kwenye mdomo wa hewa, kwenye mfuniko wa oili, au mapovu ndani ya rejeta.

Mafanikio ya hatua hii ni silinda nne zinazokaribiana, rejeta isiyotoa mapovu, na oili isiyo na chembe zinazong'aa.

## Hatua ya 2: Rudisha gari katika hali ya kiwandani

Gari lililotoka Japani na kuzunguka kwa wamiliki kadhaa halina historia ya kuaminika. Badilisha mkanda wa taimingi hata kama muuzaji aliapa. Ukikatika kwenye injini hii, valvu hugongana na pistoni. Pampu ya maji ibadilishwe hapo hapo, kwa kuwa njia ya kuifikia ni ile ile.

Themostati iwe halisi. Ya bei ndogo huchelewa kufunguka, na kwenye foleni ya Jinja Road saa kumi na moja jioni utalipia tofauti hiyo kwa gasketi ya kichwa. Weka kulanti iliyochanganywa kwa maji safi yasiyo na chumvi, na uhakikishe hewa yote imetoka kwenye mfumo, kwa sababu injini hii hushikilia mapovu kwa urahisi.

Sampu, yaani beseni la oili lililo chini ya injini, ikifunguliwa kwa sababu yoyote, kagua bomba linalofyonza oili. Hupasuka kwenye kiungo kilichochomelewa, pampu ya oili ikavuta hewa, na beringi zikafa bila onyo la maana.

Kisha jaribu uvujaji wa hewa. Ziba mdomo wa turbo kwa mfuniko wenye valvu ya tairi, jaza upepo wa kompresa hadi bar 0.7 na usizidishe bar 1.0, halafu pakaa maji ya sabuni kwenye kila hozi na kila klampu. Hozi iliyo chini ya intakula, yaani kipoza hewa ya turbo, ndiyo inayosahaulika. Inavujia mahali usipopaona, kompyuta inadhani hewa yote imeingia ndani, na mchanganyiko unaharibika.

Plagi ziwe za kiwango cha joto cha kiwandani au baridi zaidi kwa daraja moja. Kwa NGK, namba kubwa zaidi ndiyo ya baridi zaidi. Nafasi ya ncha iwe milimita 0.7 hadi 0.8. Ikiwa pana kuliko hapo, cheche huzimwa na presha, na gari hukohoa unapokanyaga mafuta.

## Hatua ya 3: Breki, matairi na klachi

Hapa sitakawia. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi yamenyonya maji na huchemka, yabadilishe. Pedi mpya, diski zisizopinda, na matairi ambayo tarehe yake ya kutengenezwa umeisoma kwenye ubavu. WRX nyingi za Japani tayari zina kalipa za mbele za pistoni nne, nazo zinatosha. Klachi inayoteleza sasa haitapona baadaye.

## Hatua ya 4: Ekzosi

Bomba linalotoka kwenye turbo ndilo linalozuia nguvu kuliko sehemu nyingine yoyote ya ekzosi. Bomba la inchi 3 hupunguza mgandamizo nyuma ya turbo, nayo turbo huamka mapema. Mafundi wa chuma wa mtaa wa Katwe, Kampala, wana uwezo wa kulitengeneza kwa gharama nafuu kuliko la kuagiza, mradi uwaelekeze mambo matatu: flenji iwe ya chuma kinene ili isipinde kwa joto, uchomeleaji uwe wa agoni na si wa vijiti, na pawepo kiungo kinachopinda ili mtikisiko wa injini usipasue bomba.

Kagua pia bomba fupi linalopeleka moshi kwenye turbo. Kwenye baadhi ya magari ya mfano huu lina katalisti, yaani kisafishio cha moshi, ndani yake, na ikizeeka humeguka na vipande vyake hugonga mapanga ya turbo. Hiyo iondoke, na kama pana sensa ya joto la moshi pale, hitilafu yake itazimwa katika hatua ya 6. Katalisti ya nyuma ninashauri ibaki. Inapunguza nguvu kidogo sana, na hewa ya Kampala haihitaji mchango wetu.

Onyo: Ekzosi ikishafunguka, presha ya turbo inaweza kupanda yenyewe kupita ilivyopangwa. Kuanzia siku hii mpaka kompyuta ipangwe, endesha taratibu na usikanyage mafuta hadi mwisho. Injini nyingi zimekufa katika kipindi hiki, huku mwenyewe akisubiri mshahara wa mwezi ujao ili alipie programu. Kama fedha ya hatua ya 6 haijapatikana, ahirisha hii.

Mafanikio ni viungo visivyo na masizi meusi baada ya siku chache, na sauti nzito isiyo na mlio wa kupuliza.

## Hatua ya 5: Petroli na hewa

Pampu ya kiwandani imefanya kazi kwa miaka zaidi ya 20, kwa hiyo ibadilishwe kwa ile ya lita 255. Kwanza shusha presha: toa fyuzi ya pampu, washa injini, uiache izime yenyewe. Ondoa waya wa hasi wa betri, fanya kazi mahali penye upepo, na pasiwe na mtu mwenye sigara wala taa ya balbu karibu. Badilisha chujio la petroli siku hiyo hiyo, kwa maana tangi lililojazwa kwenye vituo vya kila namna huwa na uchafu usioonekana.

Kuhusu hewa, boksi la kiwandani libaki. Kompyuta hupima hewa kwa sensa iliyopo kwenye bomba lenye upana maalumu, na chujio la wazi hubadilisha mtiririko unaopita hapo. Sensa husoma pungufu, na petroli huwa pungufu. Juu ya hayo, chujio hilo huvuta hewa ya moto ya chini ya boneti. Weka tu chujio jipya la karatasi ndani ya boksi.

Ile valvu ya mluzi nayo isifungwe. Hewa inayoimwaga nje imekwisha kupimwa, kwa hiyo kila unapobadilisha gia injini hupewa petroli ya hewa isiyokuwepo. Valvu ya kiwandani hurudisha hewa ndani, nayo inahimili presha tunayoilenga.

Intakula ya juu ya injini inatosha kwa lengo letu, ila hupata moto kwenye foleni. Mpira unaoziba kati ya tundu la boneti na intakula ukiwa umechanika, urekebishe. Vinginevyo hewa ya baridi hupita pembeni bila kazi.

## Hatua ya 6: Kompyuta ya injini

Hapa ndipo nguvu inapotoka. GD nyingi hukubali kusomwa na kuandikwa upya kupitia tundu la uchunguzi lililo chini ya dashibodi. GC8 haina njia hiyo rahisi. Yenyewe inahitaji kompyuta mbadala.

Chini ya dashibodi kuna viunganishi viwili vya rangi ya kijani ambavyo havijaunganishwa. Viunganishe, uzungushe ufunguo bila kuwasha injini, nawe utasikia feni za rejeta na pampu ya petroli vikiwaka na kuzima kwa zamu: gari limeingia katika hali ya majaribio. Baadhi ya magari huhitaji pia kiunganishi kimoja cha ziada ili kompyuta ikubali kuandikwa.

Soma faili la asili, yaani mpangilio wa kiwandani ulio ndani ya kompyuta ya injini, na ulihifadhi mahali pawili au zaidi. Wakati wa kuandika, betri ya gari iwe kwenye chaja na ya kompyuta ya mkononi iwe imejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi, unaweza kubaki na kompyuta ya injini isiyozinduka.

Kama hujawahi kupanga faili, usijifunzie kwenye injini yako ya pekee. Lipa mtaalamu, aliyepo hapa au anayefanya kazi kwa kutumiwa rekodi kutoka mbali. Kumtambua ni rahisi: mtaalamu wa kweli huomba rekodi za gari lako kabla ya kutaja presha. Anayekutumia faili bila kuuliza petroli unayotumia wala mwinuko unaoishi, mwache.

Mwombe mambo yafuatayo kwa maandishi:

- Presha ya juu kabisa bar 1.0, ikishuka hadi karibu 0.8 kwenye mizunguko 6,500. Turbo ndogo haina pumzi huko juu, na kuilazimisha kwa mwinuko wetu ni kutengeneza joto bila nguvu.
- Uwiano wa hewa na petroli karibu 11 kwa 1 chini ya presha kamili.
- Taimingi ya cheche iliyopangwa kwa petroli unayoipata kila siku, si ile uliyoinunua mara moja.
- Faili la pili lenye presha ya chini, kwa safari za mbali ambako petroli haitabiriki.

## Hatua ya 7: Kupima matokeo

Rekodi hufanywa gia ya tatu, kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,500. Kwenye WRX hiyo ni zaidi ya kilomita 130 kwa saa, na hata barabara ya kasi ya Entebbe kikomo chake ni 100. Kwa hiyo kazi hii ifanyike kwenye mashine ya kupimia nguvu au katika uwanja uliofungwa, gari likiwa na watu wawili: mmoja anaendesha, mwingine anaangalia namba.

Tazama kipimo ambacho programu hukiandika kwa herufi IAM. Kompyuta ikiwa na imani na petroli, hukaa juu kabisa, yaani 16 au 1.0 kutegemea aina ya kompyuta. Kikishuka, injini inanoki, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda, na kompyuta imeanza kujihami. Achia mafuta mara moja, rudi kwenye faili la asili, na utafute sababu: petroli, uvujaji, au taimingi kali mno. Usiamini masikio, kwani ekzosi mpya hufunika mlio wa noki kabisa.

Mafanikio yanaonekana hivi: IAM haijashuka katika rekodi zote, presha inapanda bila kurukaruka, uwiano wa petroli umetulia, na joto la maji halipandi kati ya rekodi ya kwanza na ya mwisho.

## Baada ya kazi

Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 bila kuahirisha, na kijiti chake kitazamwe kila unapojaza petroli. Usikanyage mafuta kabla oili haijapata moto, na baada ya mwendo mkali iache injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Giaboksi ya gia tano ndiyo dhaifu kuliko vyote kwenye gari hili. Kuondoka kwa kuachia klachi ghafla huvunja meno yake hata kwa nguvu ya kiwandani.

Ukipanga kusafiri hadi Mombasa, andika faili la presha ya chini kabla hujavuka Malaba. Bar 1.0 kwenye geji, ambayo hapa ilikuwa jumla ya 1.88, kule pwani inakuwa jumla ya 2.01, na taimingi iliyopimwa Kampala inaweza kunoki kwenye joto na hewa nzito ya huko.